Jinsi ya Kutafuta, Kusoma na Kupima Picha za Mirihi Zilizopigwa Kutoka Obitini

Mwezi Julai 1965 chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi na kuleta picha 22 tu, zilizogusa takriban asilimia moja ya uso wa sayari hiyo. Zilionyesha kasoko nyingi na ardhi iliyokufa, na kwa miaka kadhaa wengi waliamini kwamba Mirihi yote inafanana na Mwezi. Dhana hiyo ilivunjwa na Mariner 9, chombo cha kwanza kuingia katika obiti ya sayari nyingine. Kilifika Novemba 1971 na kukuta dhoruba ya vumbi imeifunika sayari nzima. Kwa kuwa kilikuwa kinaizunguka sayari, wala si kuipita tu, kiliweza kusubiri. Vumbi lilipoanza kushuka, vilele vya milima mikubwa ya volkeno vilichomoza kwanza, kisha yakaonekana makorongo yanayoenea kwa zaidi ya kilomita 4,000, ambayo leo yanaitwa Valles Marineris kwa heshima ya chombo hicho. Kilipomaliza kazi mwaka 1972, kilikuwa kimeleta picha 7,329 na kufunika takriban asilimia 85 ya uso wa Mirihi.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha namna kazi hii inavyokwenda. Ramani ya sayari haizaliwi na picha moja nzuri. Hutokana na chombo kupita juu ya ardhi ileile mara nyingi, katika majira mbalimbali na chini ya jua la pembe mbalimbali, huku kila picha ikiandikiwa ilipigwa wapi, lini na kwa mwanga gani. Picha hizo sasa ziko wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti, bila malipo. Lakini nyingi tunazokutana nazo zimekatwa pembezoni, zimeongezwa rangi na kutenganishwa na maelezo yake, na picha ya namna hiyo haiwezi kuthibitisha jambo lolote. Lengo la mwongozo huu ni kumwezesha msomaji kuifikia picha ya asili pamoja na lebo yake, yaani maelezo ya ilipigwa wapi, lini na kwa mwanga gani, kuielewa, na kupima kilichomo.

Fahamu kwanza kila kamera inaona nini

Kosa la kawaida la anayeanza ni kukimbilia picha inayoonyesha vitu vidogo kabisa kabla hajajua iko sehemu gani ya sayari. Kamera za obitini hugawana kazi, na mgawanyo huo unaonekana vizuri katika chombo kimoja, Mars Reconnaissance Orbiter, kilichorushwa Agosti 2005 na kuingia katika obiti ya Mirihi Machi 2006. Kamera yake ya MARCI huitazama sayari nzima kila siku kwa ajili ya kufuatilia hali ya hewa. Kamera ya CTX hupiga ukanda wenye upana wa takriban kilomita 30, ambapo kila pikseli huwakilisha mita 6 za ardhi. Kamera ya HiRISE, yenye kioo cha kipenyo cha nusu mita, hufikia sentimita 25 hadi 30 kwa pikseli, ila ukanda wake una upana wa kilomita 6 tu. Ndiyo maana CTX imeshaifunika karibu sayari yote, ilhali HiRISE, pamoja na miaka yake mingi ya kazi, imefikia asilimia chache tu za uso huo.

Kuna vyanzo vingine vitatu ambavyo mtu makini hatavikosa. Kipimo cha leza kilichoitwa MOLA, kilichokuwa kwenye Mars Global Surveyor, ndicho kilichoipa Mirihi ramani yake ya miinuko, na hadi leo ramani nyingi huwekwa juu ya msingi huo. Chombo cha Mars Odyssey, kilichofika mwaka 2001, kimebeba kamera ya THEMIS inayosoma joto la ardhi kwa mionzi ya infraredi, kila pikseli ikiwa na mita 100. Mars Express ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya, iliyofika Desemba 2003, ina kamera ya HRSC inayopiga picha za rangi na kuitazama ardhi ileile kutoka pembe kadhaa katika mpito mmoja, hivyo mabonde na milima yanaweza kuchorwa kwa vimo vyake.

Jambo moja kuhusu namna HiRISE na CTX zinavyopiga picha linafaa kukaa akilini wakati wote. Hazinasi eneo zima kwa mara moja kama kamera ya simu. Husoma mstari mmoja mwembamba wa ardhi, kisha mwingine, na mwendo wa chombo ndio unaoisogeza kamera kutoka mstari hadi mstari, kama fagio pana linalosukumwa sakafuni. Chombo hupita juu ya ardhi kwa zaidi ya kilomita 3 kwa sekunde, kwa hiyo HiRISE hupewa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde tu kwa kila mstari. Ndiyo sababu picha hizo ni ndefu na nyembamba, na ndiyo sababu mtikisiko mdogo wa chombo huweza kupinda mistari. Ukiona mpindo wa ajabu unaokata picha kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, shuku kamera kabla ya kushuku ardhi.

Pata mahali kwa latitudo na longitudo

Majina ya mahali, kama vile Olympus Mons au Hellas Planitia, huidhinishwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia na yanafaa kwa kuanzia, lakini hifadhi za picha hutafutwa kwa namba. Latitudo ya Mirihi huhesabiwa kutoka ikweta kama ilivyo kwa Dunia. Longitudo huanzia kwenye kasoko ndogo iitwayo Airy-0, yenye upana wa takriban nusu kilomita, ambayo ilichaguliwa kutokana na picha za Mariner 9 kuwa alama ya meridiani ya sifuri.

Hapa pana mtego uliowapoteza wengi. Ramani za zamani zilihesabu longitudo kuelekea magharibi, ilhali nyingi za sasa huhesabu kuelekea mashariki, kutoka 0 hadi 360. Olympus Mons, kwa mfano, iko karibu na digrii 134 magharibi, na mahali hapohapo ni digrii 226 mashariki, kwa kuwa 360 ukitoa 134 ni 226. Programu nyingine hutumia namba hasi kwa upande wa magharibi. Mwelekeo usipoandikwa, usikisie. Tafuta kwenye ramani kitu unachokijua na uone namba zake zinaangukia wapi. Kumbuka pia kwamba Mirihi imebonyea kidogo kwenye ncha zake, kwa hiyo kuna mifumo miwili ya kuhesabu latitudo, ule unaopima pembe kutoka kitovu cha sayari na ule unaofuata wima wa uso wake. Tofauti kati yake ni ndogo kwa anayetazama sayari nzima, lakini karibu na latitudo ya digrii 45 inazidi kilomita 15, na hiyo ni zaidi ya upana wa picha mbili za HiRISE zilizowekwa bega kwa bega.

Kwa hatua hii ya kutafuta, nashauri uanze na ramani ya mtandaoni ya NASA iitwayo Mars Trek, inayofunguka kwenye kivinjari cha kawaida bila kusakinisha chochote. Anayetaka zaidi apakue JMARS, programu ya bure ya Arizona State University, inayoweza kuonyesha juu ya ramani moja mipaka ya picha zote zilizopigwa na kamera mbalimbali. Vilevile watafiti wa Caltech wameunganisha picha za CTX kuwa ramani moja ya sayari nzima, yenye mita 5 kwa kila pikseli na jumla ya takriban pikseli trilioni 5.7. Ukiitembea ramani hiyo kwa saa moja bila haraka, utajifunza sura ya Mirihi kuliko kwa kutazama picha mia za kurembesha.

Kwa makadirio ya haraka, shika kwamba digrii moja kwenye ikweta ya Mirihi ni kilomita 59 na ushei. Ukikosea digrii moja, basi, umeshatoka nje ya picha yoyote ya HiRISE.

Ingia kwenye hifadhi yenyewe

Picha za vyombo vya NASA huhifadhiwa katika Planetary Data System, na zile za Mars Express katika Planetary Science Archive ya Ulaya. Hizi ni hifadhi za kudumu, ambamo data ghafi huwekwa pamoja na maelezo ya kutosha ili mtu wa kizazi kijacho aweze kuzisoma bila kumuuliza aliyezikusanya. Vikundi vya kamera hupewa muda mfupi wa kusafisha na kukagua data, kisha hutakiwa kuziweka wazi. Kikundi cha HiRISE, chenye makao University of Arizona, kina pia tovuti yake inayoeleweka kwa urahisi, ambako kila picha ina ukurasa wake, nakala ndogo za kutazama na faili kamili la kupakua. Kwa CTX, THEMIS na nyinginezo, njia rahisi ni Orbital Data Explorer, inayoendeshwa na Washington University huko St. Louis: andika mipaka ya latitudo na longitudo, chagua kamera, nayo itakuletea orodha ya picha zote zinazogusa eneo hilo.

Orodha ikiwa ndefu, usianze kupakua. Soma kwanza majina.

Jina la picha na lebo yake

Jina la picha ya HiRISE limepangwa kwa maana. Chukua TRA_000873_1780, picha maarufu ya kasoko ya Victoria iliyopigwa tarehe 3 Oktoba 2006, ambamo gari la Opportunity linaonekana kama nukta ukingoni mwa kasoko. Herufi tatu za mwanzo hutaja awamu ya safari. Namba sita zinazofuata ni hesabu ya mizunguko ya chombo. Namba nne za mwisho huonyesha sehemu ya mzunguko ambapo picha ilipigwa, na kwa picha za mchana huweza kusomwa kama latitudo: 1800 ni ikweta, na kila 10 ni digrii moja, kaskazini ikiongeza na kusini ikipunguza. Kwa hiyo 1780 ni digrii 2 kusini, na ndiko iliko Victoria. Mtu anayetafuta eneo lilipotua gari la Curiosity, karibu na digrii 4.6 kusini, atatarajia majina yanayoishia 1755 au karibu na hapo. Ukijua kanuni hii, unaweza kugundua mara moja kwamba picha unayoonyeshwa kama ya ncha ya kaskazini ilipigwa karibu na ikweta.

Baada ya jina, fungua lebo. Yapo mambo matano ninayoyasoma kabla ya kuitazama picha yenyewe, nami naomba msomaji ajizoeze hivyohivyo.

La kwanza ni ukubwa wa pikseli ardhini. Angalia ukubwa wa asili pamoja na ule wa faili lililotandazwa kwenye ramani, yaani lililonyooshwa ili likae mahali pake kwenye ramani, kwa maana namba hizo mbili hutofautiana. Picha iliyopigwa kwa kuunganisha pikseli mbili kwa mbili itakuwa na sentimita 50 au zaidi, hata kama kamera ina uwezo wa 25. Kanuni inayotumika ni kwamba kitu hakitambuliki mpaka kifikie angalau pikseli tatu. Kwa pikseli ya sentimita 28, basi, jiwe la sentimita 84 ndilo dogo kabisa unaloweza kulitaja kwa ujasiri, na lolote chini ya hapo ni doa tu.

La pili ni pembe ya jua, inayohesabiwa kutoka wima: 0 maana yake jua liko utosini, 90 maana yake liko kwenye upeo wa macho. La tatu ni upande ambako mwanga unatoka. La nne ni pembe ya kamera, kwa sababu kamera iliyoinamishwa pembeni hurefusha miteremko inayoielekea na kufupisha mingine.

La tano ni majira, yanayoandikwa kama longitudo ya jua. Sifuri ni mwanzo wa machipuko katika nusu ya kaskazini, 90 ni mwanzo wa kiangazi chake, 180 ni mwanzo wa vuli na 270 mwanzo wa kipupwe. Mwaka wa Mirihi una siku 687 za Dunia, kwa hiyo tarehe ya kalenda yetu haikuambii lolote kuhusu hali ya ardhi siku hiyo. Dhoruba kubwa za vumbi hutokea zaidi kati ya 180 na 360, kipindi ambacho ndani yake sayari hulikaribia jua. Picha iliyofifia na kukosa vivuli vikali wakati huo mara nyingi inaonyesha hewa iliyojaa vumbi, wala si ardhi laini.

Mwanga hudanganya

Tarehe 25 Julai 1976 chombo cha Viking 1 kilipiga picha ya eneo la Cydonia, na kilima kimoja kikaonekana kama uso wa mtu unaotazama juu. Jua lilikuwa chini, kivuli kikaziba nusu ya kilima, na kila pikseli ilikuwa na makumi ya mita. Waliotangaza picha hiyo walieleza tangu mwanzo kwamba ni mchezo wa mwanga na kivuli, lakini iliendelea kusambaa kwa miaka bila lebo yake. Mars Global Surveyor ilipolipiga eneo hilo upya mwaka 1998 na tena 2001, kwa kamera kali zaidi na jua la upande mwingine, kilichoonekana ni kilima cha mwamba kilicholiwa na mmomonyoko, kama vilima vingi vya jirani yake. Huo si ushahidi kwamba watu ni wajinga. Macho ya binadamu hutafuta sura kila mahali, na dawa yake ni picha ya pili yenye mwanga tofauti.

Udanganyifu wa kila siku ni wa aina nyingine: kasoko kuonekana kama kichuguu. Ubongo huchukulia kwamba mwanga unatoka juu ya picha. Mars Reconnaissance Orbiter hupita juu ya upande wa mchana takriban saa tisa alasiri kwa saa za Mirihi, kwa hiyo jua huwa upande wa magharibi, na katika picha nyingi zilizotandazwa kwa kaskazini kuwa juu, mwanga huingia kutoka kushoto. Ukiona mashimo yamegeuka kuwa mavimbe, thibitisha upande wa mwanga kwenye lebo, kisha izungushe picha mpaka mwanga utoke juu. Kwa kawaida umbo sahihi hurudi papo hapo. Angalia pia kama faili lako limetandazwa au ni ghafi, kwa sababu faili ghafi linaweza kuwa limegeuzwa kushoto kulia kama taswira ya kwenye kioo. Karibu na ncha, aina ya utandazaji hubadilika na kaskazini haiko juu tena.

Fungua, kuza, pima

Picha kamili za HiRISE hutolewa katika muundo wa JPEG 2000 na faili moja laweza kufikia mamia ya megabaiti. Programu za kawaida za picha hulemewa nazo. Kikundi cha HiRISE kimetengeneza HiView, programu ya bure inayosoma sehemu unayoitazama tu bila kulazimika kupakua faili zima, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye intaneti ndogo. Anayetaka kuweka picha kadhaa juu ya ramani moja atumie programu ya ramani ya QGIS, ambayo pia ni ya bure. Ila ahakikishe kwamba mradi umewekewa umbo la Mirihi, lenye nusu kipenyo cha kilomita 3,396.19 kwenye ikweta. Programu iliyoachwa ikidhani iko Duniani itazidisha kila umbali karibu mara mbili.

Data ghafi za CTX huhitaji kazi zaidi, na programu inayotumiwa na wanasayansi wenyewe ni ISIS, iliyotengenezwa na kitengo cha sayari cha taasisi ya jiolojia ya Marekani, USGS, kilichopo Flagstaff. Mtiririko wake ni uleule kwa kamera nyingi: ingiza faili, liambatanishe na kumbukumbu za mahali chombo kilipokuwa na kilikotazama, sawazisha mwangaza, kisha litandaze kwenye ramani. ISIS huendeshwa kwa kuandika amri na inahitaji uvumilivu. Kwa maswali mengi ya msomaji wa kawaida si lazima, kwa kuwa ramani ya CTX iliyokwisha kuunganishwa inatosha.

Upimaji wa umbali ni hesabu ya pikseli kuzidisha ukubwa wa pikseli. Upimaji wa kimo unafurahisha zaidi, kwa sababu unatumia kivuli. Tuseme mwamba umetupa kivuli cha pikseli 40 katika picha yenye sentimita 25 kwa pikseli. Urefu wa kivuli ni mita 10. Lebo inasema jua liko digrii 60 kutoka wima. Gawanya urefu wa kivuli kwa tanjenti ya pembe hiyo, yaani 1.73, nawe utapata kimo cha takriban mita 5.8. Hesabu hii hukubali pale ardhi inayopokea kivuli ikiwa tambarare na kamera ikiwa imetazama karibu wima, na kivuli lazima kipimwe kwa kufuata mwelekeo wa mwanga. Kwenye mteremko, jibu litakuwa na kosa kubwa, na hapo ni heri kutafuta modeli ya miinuko iliyotengenezwa kwa picha mbili za pembe tofauti. Kikundi cha HiRISE hutoa modeli hizo kwa maeneo yaliyochaguliwa, nyingi zikiwa na kipimo kwa kila mita moja au mbili za ardhi.

Kwa maeneo mapana rudi kwa MOLA, ambayo ramani yake ina pikseli ya takriban mita 463 kwenye ikweta. Mirihi haina bahari, kwa hiyo kimo cha sifuri ni uso wa kufikirika uliokokotolewa kutokana na mvutano na mzunguko wa sayari. Kutokana na msingi huo kilele cha Olympus Mons kiko karibu kilomita 22 juu, na sakafu ya bonde la Hellas kilomita 8 na zaidi chini.

Kuhusu rangi nitasema machache. HiRISE hupokea mwanga katika mikanda mitatu, yaani buluu-kijani, nyekundu na infraredi ya karibu, na rangi hupatikana katikati tu ya ukanda, kwa upana wa takriban kilomita 1.2. Kisha rangi hizo huvutwa ili tofauti za miamba zionekane. Matuta ya mchanga yanayong'aa kwa buluu kwenye picha hizo ni mchanga mweusi wa volkeno. Zitumie kutofautisha aina za miamba na mchanga, na usimwambie mtu kwamba ndivyo angeona kwa macho yake.

Linganisha picha za nyakati mbili

Hii ndiyo sehemu ninayoiona kuwa na thamani kuliko zote kwa mtu asiye na maabara. Tafuta picha mbili za mahali pamoja zilizopigwa miaka tofauti, ila zenye majira na pembe ya jua zinazokaribiana. Usipozingatia sharti hilo, utahesabu vivuli kuwa mabadiliko. Ziweke moja juu ya nyingine, zilinganishe kwa kutumia kasoko ndogo zisizohama, kisha zibadilishe haraka huku na huku. Utaona matuta ya mchanga yaliyosogea, michirizi ya vimbunga vya vumbi iliyochorwa na kufutwa, barafu ya hewa ya ukaa ikijenga na kuacha ncha, na wakati mwingine doa jipya la giza ambapo kimondo kimeanguka.

Tarehe 24 Desemba 2021 kipimo cha mitetemeko cha InSight, chombo kilichokuwa kimetua Mirihi, kilisikia mtikisiko mkubwa. Baadaye wachunguzi wa picha za CTX waliona kasoko mpya yenye upana wa takriban mita 150 katika tambarare ya Amazonis Planitia, na picha za kila siku za MARCI, zilizo hafifu kuliko zote, ndizo zilizothibitisha kwamba ilitokea ndani ya siku hiyo. HiRISE ilipofuata, ilionyesha vipande vya barafu vilivyotupwa nje. Kamera tatu za chombo kimoja zilihitajiana ili kukamilisha jibu moja.

Wala si lazima mgunduzi awe mtumishi wa shirika la anga. Chombo cha India kiitwacho Vikram kilipoanguka Mwezini Septemba 2019, NASA iliweka wazi picha za eneo hilo zilizopigwa na Lunar Reconnaissance Orbiter. Mhandisi wa Chennai, Shanmuga Subramanian, alizilinganisha na picha za kabla ya ajali kwa kompyuta yake, akaona nukta moja ambayo haikuwepo awali, akawaandikia wahusika. Desemba mwaka huohuo NASA ilithibitisha kwamba lilikuwa kweli bakio la chombo hicho na kumtaja kwa jina. Alitumia njia ileile iliyoelezwa hapa juu.

Ukidhani umepata badiliko, andika majina kamili ya picha zote mbili, latitudo na longitudo, pembe za jua na majira, kisha tafuta picha ya tatu kabla ya kumwambia yeyote. Doa linaloonekana katika picha moja tu laweza kuwa pikseli iliyoharibika au chembe ya mnururisho iliyogonga kamera.

Kuchapisha, na kuomba picha mpya

Picha za NASA kwa kawaida hazizuiliwi kwa hakimiliki, lakini chanzo hutajwa: NASA/JPL-Caltech/University of Arizona kwa HiRISE, NASA/JPL-Caltech/MSSS kwa CTX, na ESA/DLR/FU Berlin kwa HRSC, ambayo nayo ina leseni yake ya kusomwa kabla ya kutumia. Ongeza jina kamili la picha kila unapoichapisha, hata iwe kipande kidogo. Ukiwa umebadilisha rangi au umezungusha picha, sema hivyo. Msomaji mwenye jina la picha anaweza kuifungua mwenyewe na kukukosoa, na hiyo ni haki yake.

Ikiwa mahali unapopataka hapajapigwa na HiRISE, kuna mlango uliofunguliwa mwaka 2010 kwa ajili ya umma, uitwao HiWish. Jisajili, weka alama kwenye ramani, kisha eleza kwa aya moja au mbili unataka kujua nini na kwa nini picha ya CTX haitoshi kujibu swali hilo. Eneo liwe dogo, kwa kuwa picha ni ya kilomita 6 kwa upana, na swali liwe moja. Ombi la "kuona kuna nini" huwa dhaifu mbele ya ombi linalosema, kwa mfano, kwamba ukingo wa kasoko fulani una tabaka zinazoonekana kwa shida kwenye CTX na kwamba unataka kujua kama tabaka hizo zinaendelea upande wa pili. Taja majira kama yana maana kwa swali lako, hasa karibu na ncha, ambako barafu huificha ardhi kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Baada ya hapo ni kungoja, pengine kwa miaka, kwa sababu chombo lazima kipite juu ya eneo hilo, hewa iwe safi, na maombi mengine yasiwe mbele. Picha ikipigwa huwekwa kwenye tovuti kama nyingine zote, ikiwa na jina, namba ya mzunguko na lebo. Fungua lebo kwanza.